Anza na mkuku: kujenga chombo cha angani kwa vitofali vya kuchezea vya Lego, kibarazani kwangu Ngamiani, Tanga

Chombo changu cha kwanza kilivunjika ndani ya bajaji. Nilikuwa nakipeleka Raskazone kwa mdogo wangu, mwanawe anatimiza miaka saba, nimekipakata kama mtoto mchanga aliyetoka kuchomwa sindano. Bajaji ikaingia shimo. Nikasikia "kach!", mkono wa kushoto nimebaki na omo, yaani mbele yake, wa kulia nimebaki na tezi, yaani nyuma, katikati vitofali vinamwagika miguuni. Dereva akageuka. "Pole mama. Ni keki?"

Keki wapi. Ilikuwa kazi ya wiki tatu.

Nilipofika nyumbani niliketi na vile vipande viwili nikavitazama pale vilipokatikia. Hapakuwa na kitofali hata kimoja kilichopasuka. Kilichoachia ni mshono: tabaka la chini nililiunga pale pale nilipoliunga la juu, kiungo juu ya kiungo. Marehemu baba alikuwa fundi wa mashua kule Sahare. Nimekulia kwenye maranda ya mbao zake, nikimsikia kila siku akiwafokea vijana wake kwamba vichwa vya mbao visikutane mahali pamoja. Somo hilo nilikuwa nalo tangu utotoni, ila sikudhani linahusu vitu vya kuchezea.

Tangu siku ile najenga kama baba: mkuku kwanza, yaani uti wa chini wa chombo, mataruma yafuate, ndizo mbavu zake, gamba la nje baadaye. Watoto wengi, na watu wazima pia, huanza na pua na mabawa kwa kuwa ndiyo yanayopendeza, kisha wanahangaika kutafuta pa kuyabandika. Hapa nitaeleza ninavyojenga chombo kimoja, cha kubeba mizigo, chenye urefu wa vinundu 48. Ukishaweza hicho utajenga chochote.

Kwanza tusikizane kwa majina, maana kila nyumba ina yake. Kwetu, kile kidoa kilichoinuka juu ya kitofali ni kinundu. Kitofali cha kawaida ni kitofali. Chembamba, ambacho kimo chake ni theluthi ya kitofali, ni kibapa. Chembamba kisicho na vinundu juu, laini, ni kigae. Vile virefu vyenye matundu ubavuni, vya jamii ya Lego iitwayo Technic, tunaviita vya matundu, na vijiti vinavyoingia humo ni pini.

Sasa, vitofali vyenyewe. Mimi nauza mitumba ya watoto pale Mgandini. Robota la vitu vya watoto likifunguliwa, chini kabisa hubaki makorokoro: magari yasiyo na magurudumu, wanasesere wenye jicho moja, na humo ndimo vitofali vilimo. Zamani nilikuwa nawapa wateja kama nyongeza, ukinunua nguo tatu unachota kiganja. Siku hizi sivitoi hata kwa dawa. Wenzangu wawili wa meza za jirani wananiwekea vyao, nanunua kwa kisado. Wewe usiye na meza sokoni, nenda kwa wauza mitumba ya midoli, uwaambie unataka vilivyochanganyika na kwa kupima. Ukinunua kimoja kimoja utafilisika kabla hujafika kwenye bawa.

Chunguza vinundu. Lego halisi ina jina lake limeandikwa juu ya kinundu, herufi ndogo mno, zielekeze kwenye mwanga utaziona. Vya kuiga havina neno hilo. Sivitupi: vingine hubana vizuri tu. Ila sivitii kwenye mkuku. Vya kuiga vinakwenda juu, kwenye mapambo, mahali ambapo kikiachia kimoja hakiondoki na wenzake.

Vya mitumba huja na uchafu wa nchi tatu, kwa hiyo vioshe. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya unga kidogo, beseni, mswaki wa zamani. Watengenezaji wenyewe wanashauri maji yasizidi nyuzi 40, na mimi kipimo changu ni kiwiko, kama unavyopima maji ya kumwogeshea mtoto. Kisha anika kivulini, juu ya kanga, si juani. Nasisitiza kivulini kwa sababu jua la Tanga hili, kitofali cheupe ukikizoesha jua kitageuka rangi ya jino la mvuta tumbaku, na hakirudi kirahisi. Chochote chenye waya au injini ndani yake usikitie majini.

Halafu chambua. Kosa la kila mtu ni kuchambua kwa rangi. Nami nilifanya hivyo, makopo ya maziwa saba, nyekundu huku, bluu kule, yanapendeza kweli. Kisha unatafuta kibapa kidogo cheusi ndani ya kopo la vyeusi vitupu, na kumbe ni sawa na kutafuta sindano ndani ya giza. Chambua kwa umbo. Rangi jicho linaiona lenyewe.

Tuje kwenye hesabu, na hapa nakuomba ukae chini, usisome huku unakaanga samaki.

Kutoka katikati ya kinundu hadi katikati ya kinundu cha pili ni milimita 8. Kimo cha kitofali, bila kuhesabu kinundu, ni milimita 9.6. Kimo cha kibapa ni milimita 3.2. Ndiyo maana vibapa vitatu ni kitofali kimoja. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua kwa vidole. Lisilojulikana ni hili: vibapa vitano vikipandiana ni milimita 16, na milimita 16 ni upana wa vinundu viwili. Maana yake, kimo na upana vinakutana kwenye 16. Ukilala na hiyo namba kichwani, unaweza kulaza kitofali ubavu na bado kikashika.

Nitakuonyesha kwa karibu. Kuna kitofali cha kinundu kimoja ambacho kina kinundu kingine ubavuni. Chukua viwili. Kipandishe kimoja juu ya kingine, vinundu vya ubavuni vikitazama upande mmoja. Sasa chukua kibapa kirefu, jaribu kukibandika ubavuni kishike vinundu vyote viwili. Kitashika cha chini, cha juu kitagoma. Mtoto wa mdogo wangu alipojaribu alidhani hana nguvu, akakitia meno. Si nguvu. Vile vinundu viwili vya ubavuni viko mbali kwa milimita 9.6, na kibapa kinataka 8 au 16. Tenganisha, weka vibapa viwili vidogo katikati, pandisha tena. Sasa kutoka kinundu hadi kinundu ni 9.6 kuongeza 3.2 mara mbili: 16 kamili. Bandika kibapa chenye vinundu vitatu, cha kwanza na cha tatu vitakaa kama kofia kichwani. Yule mtoto alibandika na kubandua mara kumi akisikiliza mlio.

Kitofali, vibapa viwili, kitofali. Kariri hivyo. Mkuku mzima umejengwa kwa sentensi hiyo.

Mkuku wetu una urefu wa vinundu 48, yaani milimita 384, rula ya shule na upana wa kiganja juu yake. Chukua vitofali vya matundu, vile virefu vya vinundu 16. Tandika safu mbili sambamba mezani, ziache nafasi ya vinundu viwili kati yake, kila safu vitofali vitatu vichwa kwa vichwa. Ukitazama kutoka juu ni kama reli pale stesheni. Juu ya reli hizo laza vibapa vyenye upana wa vinundu vinne, vikivuka kutoka reli moja hadi nyingine, vifunike urefu wote. Hayo ndiyo mataruma. Kisha tabaka la pili la vibapa, lakini usianze pale ulipoanzia mwanzo: anza na kifupi, ili kila kiungo cha juu kiangukie tumboni mwa kibapa cha chini. Hatimaye safu mbili nyingine za matundu juu ya zile za mwanzo. Chini uliweka 16, 16, 16. Juu weka 8, 16, 16, 8. Viungo havikutani popote.

Umeona? Kitofali, vibapa viwili, kitofali. Kwa hiyo matundu ya juu na ya chini yameachana kwa milimita 16, na fimbo ya Technic, kile kipande cha matundu kisicho na vinundu, yenye matundu matatu inaingia wima, tundu la kwanza kwenye safu ya chini, la tatu kwenye safu ya juu. Tia pini mbili. Sasa hata ukivuta kuelekea juu, tabaka haziachani, kwa sababu vinundu vinashikilia upande mmoja na pini zinashikilia mwingine. Mimi naweka fimbo sita, tatu kila ubavu. Pini tumia nyeusi, hizo hukaza. Za kijivu huteleza, zimetengenezwa kwa ajili ya vitu vya kuzunguka. Nilikosa nyeusi nikatia za kijivu mara moja, na mkuku ukawa unachezacheza kama kitanda cha kamba kilicholegea.

Ukimaliza, ushike mwisho mmoja kwa mkono mmoja, uunyooshe mbele yako kama upanga. Mkuku wenyewe usiiname. Ushike miisho yote miwili, upinde kidogo, uunyonge kidogo kama unayekamua nguo. Mkuku ukilia, tafuta panapolia. Baba alikuwa akipita na nyundo ya mbao, anagonga mkuku hatua kwa hatua, kichwa kimeinama upande. Mimi nilidhani anacheza.

Mkuku wangu wa pili, baada ya ule wa bajaji, niliutoa nje nikampa dereva wa bodaboda anayeegesha mbele ya kibaraza chetu, nikamwambia apige nao hewa. Akaupiga. Akasema huu unafaa kufukuzia mbwa. Nikaridhika.

Kabla ya gamba, umbo. Sichori vizuri, kwa hiyo nakata boksi la sabuni kwa mkasi, umbo la ubavuni tu, kisha nasubiri usiku. Umeme ukikatika ndiyo bora zaidi. Naweka tochi ya simu nyuma ya kadibodi, kivuli kinaanguka ukutani, natazama. Kivuli hakidanganyi, kwa kuwa hakina rangi wala mapambo ya kukupoteza. Kama kivuli kinafanana na kiatu, chombo kitafanana na kiatu. Nilishatupa maboksi manne kwa chombo kimoja, na la tano likawa na mgongo ulioinuka nyuma kama shetri ya jahazi na omo ndefu iliyoinama kidogo. Nikajua ndilo.

Watoto watakwambia lazima kiwe na pua kali na mabawa. Si lazima. Kile chombo kilichowashusha Wamarekani mwezini mwaka 1969 kilikuwa na miguu minne na mwili wa pembepembe kama meza iliyobebeshwa maboksi, kwa sababu mwezini hakuna hewa ya kupasua. Chombo kinachokaa angani tu hakina haja ya pua. Kinachorudi duniani ndicho kinachohitaji kujali hewa. Kwa hiyo amua kwanza: chako kinatua wapi? Changu kinatoka Tanga kinarudi Tanga, nikakipa mabawa mafupi, na tumbo kubwa la mizigo.

Na mtu asikwambie mambo ya angani hayatuhusu huku pwani. Desemba 12, 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Wakaiita Uhuru. Bahari ile ile ninayoiona nikishuka Deep Sea kununua vibua.

Gamba. Hapa ndipo ile namba 16 inakulipa. Kwenye matundu ya mkuku unaweza kuchomeka pini fupi yenye kinundu kichwani. Chomeka moja juu, moja chini, na tayari una vinundu viwili vinavyotazama nje vilivyoachana kwa milimita 16. Juu yake bandika ubao, na ubao ninaouita ni vibapa vipana vilivyounganishwa mezani, umevifunika vigae upande wa nje. Ubao unatengenezwa ukiwa umelala, kama mkeka, kisha unasimamishwa na kubandikwa. Usijaribu kuujenga ukiwa umesimama, utauchukia mchezo wote.

Zile fimbo sita za ubavuni zinatokeza nje kwa milimita 8, zikanisumbua mwanzoni. Nilitaka kuzificha. Mwisho nikaanzisha mbao pale fimbo zinapoishia, nikaziacha zionekane, nikaongezea kijiti kila upande, na sasa kila anayekitazama anasema, "Haya mabomba umeyapanga vizuri." Nashukuru, nanyamaza.

Kati ya ubao na ubao patabaki nyufa. Baba alizitia kalafati, pamba na mafuta. Wewe usizibe zote. Ufa ulionyooka, unaolingana juu hadi chini, unapendeza, unasema hapa ni mlango au hapa ni kifuniko. Ufa uliopinda ndio wa kuficha. Jirani yangu fundi wa simu anapenda kuja na supa gluu, anaitoa mfukoni kabla hata hujamwomba. Namwambia kaa nayo. Ukigandisha umeua vitofali vyako, na mwezi ujao utakapojua kwamba tezi ilitakiwa iwe fupi, utakata kwa msumeno?

Mabawa yana mtihani wake. Vile vibapa vilivyokatwa mshazari huja kwa jozi, cha kulia na cha kushoto, na havibadilishani. Hesabu kabla hujaanza. Robota halijui jozi: mimi nilipata vya kushoto tisa na vya kulia viwili. Nikavipanga mezani nikavitazama kama mama mwenye viatu vya mguu mmoja. Binti yangu alikuwa anasoma kando, akanyoosha mkono, akakigeuza kimoja juu chini. Kikawa cha kulia. Ndiyo, vinundu sasa vinatazama chini, kwa hiyo hakishiki kama kawaida. Dawa yake ni kibanio na kijiti: kibapa chenye kibanio kwenye bawa, kibapa chenye kijiti ubavuni mwa chombo, vinakamatana, na juu ya hapo unapata bawa linaloweza kuinama pembe yoyote. Upande wa kushoto nikafanya vivyo hivyo ili yalingane. Watu wanadhani niliyainamisha kwa makusudi ya urembo.

Vibanio vidogo huchoka. Bawa likiwa refu kuliko vinundu 10, tia vibanio vitatu, si viwili, na kimoja kiwe karibu na tezi ambako uzito upo.

Chumba cha rubani sitakieleza sana. Inategemea kioo ulichojaliwa. Kama una kioo kimoja tu cha mitumba, jenga omo kukifuata hicho kioo, usijenge omo kisha uanze kutafuta kioo. Mwanasesere wa lego aliyesimama ana kimo cha takriban vitofali vinne, aliyeketi anataka nafasi ya vitatu na zaidi kidogo. Pima kwa kumkalisha mwenyewe. Injini nyuma: chochote cha mviringo. Magurudumu yasiyo na mpira, yakilazwa, yana sura ya injini kuliko injini.

Rangi nilijifunza kwenye kanga. Kanga ina mji, ina pindo, ina jina. Mji ndio rangi kuu, na iwe moja. Pindo ni rangi ya pili, inapita ukingoni na kuzunguka, haivamii katikati. Halafu kuna kitone kimoja cha rangi kali, pale unapotaka jicho litue. Zaidi ya hapo ni duka la peremende. Vyombo vya angani vya Lego vya mwaka 1978 vilikuwa vya bluu na kijivu na vioo vya njano, basi, na mpaka leo watu wazima wanavililia. Ukikosa vya kutosha vya rangi moja, vya rangi mchanganyiko vitumie ndani ya mkuku na mataruma, hakuna anayeona. Mkuku wangu ndani ni kama pilau: pinki, kijani, kahawia. Nje kijivu, pindo jekundu.

Na jina nimeliandika. Si kwa kalamu juu ya kitofali, hiyo haitoki. Ni ukanda wa karatasi uliochomekwa chini ya vigae vinavyopitisha mwanga, ubavu wa kulia: WAJA LEO WAONDOKA LEO. Kwa chombo cha mizigo cha Tanga sikuona jina lingine.

Yamebaki makorokoro, yaani vile vidude vya kujaza: fagio la mwanasesere, bomba, kikombe, mkono uliong'oka, kibanio kisicho na kazi. Ukivipanga pamoja vinaonekana mitambo. Hapa mkono unanogewa, na ndipo wengi wanaharibu kwa kuvimwaga kila mahali hadi chombo kinakuwa na ukurutu. Mimi navipa sehemu tatu tu: kuzunguka injini, kwenye ufa wa tumboni, na mahali pale ambapo nimekosea na siwezi tena kubomoa. Sehemu nyingine zote ziachwe wazi, laini. Jicho linahitaji pa kupumzikia ndipo lione mitambo ni mitambo.

Kama una kompyuta, kuna programu ya bure iitwayo Studio, ya BrickLink, unajenga kwenye skrini na inakuhesabia vipande. Binti yangu anaitumia. Mimi imenishinda, kwa sababu inanipa vipande nisivyokuwa navyo. Kopo langu linaniambia ukweli.

Kukisafirisha: usikipakate. Boksi, chini nguo kuukuu, chombo kikae kwa tumbo lake si kwa mabawa, mabawa yabanduliwe yafungwe pembeni. Ndiyo faida nyingine ya vibanio. Nyumbani kiweke mbali na dirisha la magharibi, na upangushe vumbi kwa brashi ya rangi iliyo kavu. Kitambaa hukwama kwenye vinundu kikaondoka na kipande.

Cha pili kilifika Raskazone salama, mtoto mwenyewe ameshatimiza minane. Akakishika omo, akakizungusha chumbani mara mbili akitoa mlio wa injini kwa mdomo, akakigonga kwenye mlango. Kikaanguka kikombe kimoja na lile fagio.

Cha tatu kiko kibarazani, kina bawa moja. La kushoto. Binti amekwenda bweni na hakuna wa kunigeuzia, na safari hii nataka vinundu vitazame juu pande zote mbili, kwa hiyo natafuta vibapa vya mshazari vya kulia, vya kijivu, sita. Ukiwa navyo, mimi nipo Mgandini, upande wa nguo za watoto, hadi saa kumi na moja jioni. Nina vya kushoto vingi, tutabadilishana.